Njia Niliyoifuta

Nilifika Tunduma kwa treni, na treni ilichelewa siku nzima. Tulitoka Dar es Salaam mchana, daraja la tatu, nami nikang'ang'ania kiti cha dirishani kwa sababu saa niliyovaa ilitaka kuona anga. Ilikuwa saa ya kukimbilia, nyeusi, ya plastiki, nene kama kipande cha sabuni, ya aina inayowasiliana na setilaiti na kukuambia umekwenda umbali gani, kwa kasi gani na umepanda kiasi gani. Nilipewa na mgeni mmoja niliyembebea mizigo Kilimanjaro. Wakati wa kuteremka goti lilimkatalia, nikamshika mkono siku mbili, na tulipofika langoni akaivua mwenyewe akanivalisha, akanipa na waya wake na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Kwa kuwa ndani ya treni hakuna pa kukimbia, niliipima treni. Baada ya Mlimba reli inaanza kupanda milima na kupita kwenye mahandaki, na kila tulipozama gizani saa iliandika kwamba imepoteza setilaiti; tukitokea upande wa pili ilihangaika, ikazipata, kisha likaja handaki jingine. Mama aliyekaa mbele yangu, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa akinitazama tangu asubuhi ya siku ile ya pili. "Mdogo wangu," akasema mwisho, "hicho kisaa kinakusumbua kama mtoto anayeota meno. Unakwenda wapi nacho?" Nikamwambia Tunduma, kukimbia. "Unamkimbia nani?" Nikamweleza kwamba ni mazoezi tu. Akafikiri, akamenya yai, akanipa nusu. "Tunduma watu hukimbia wakiwa na sababu," akasema. Chaji iliisha kabla ya Makambako, na tulipofika Tunduma kesho yake jioni, kwenye baridi ambayo sikuitegemea, mama yule alinionyesha nyumba ya mtu anayepangisha chumba. Mwenye nyumba aliitwa Simbeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilikuwa nimeshahama miji mitatu. Nilijiambia kwamba safari hii nina mpango. Kulikuwa na taasisi moja iliyokuwa na timu ya riadha, ikiajiri wakimbiaji, na majaribio yake yangefanyika baada ya mwaka mmoja. Nilitaka kukaa sehemu ya juu, yenye hewa nyepesi na barabara ndefu, nijifue mwaka mzima, kisha nitokeze. Niseme mapema ili msomaji asisubiri bure: nilichaguliwa. Nilikimbia misimu miwili, nikaumia, nikaachwa, nikaendelea kuhama kama kawaida yangu. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa na desturi ya kuusimulia mwaka ule wa Tunduma kama mwaka wangu bora. Halafu Anyesi, binti wa Simbeye, ambaye nilimwacha akiwa darasa la tano na sasa ni mwalimu, akanipata kwa simu. Aliandika kwamba Kibona amefariki, amezikwa kwao Ileje. Nikampigia kumpa pole, na katika mazungumzo akasema, bila uzito wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Baba hakwenda kuzika. Alisema hawezi kumtupia udongo mtu aliyemuuza." Niliomba namba ya baba yake. Akanitumia papo hapo. Ninayo mpaka leo na sijaipiga. Nimeona nianze kwa kuandika, na ukurasa huu Anyesi atausoma kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wakati ule sehemu ile yote ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na Tunduma ilikuwa mji wa malori. Yalipanga mstari kuanzia mpakani kurudi nyuma kilomita kwa kilomita, madereva wakipika chini ya matela na kufua nguo zao wakizianika kwenye vioo. Asubuhi nilikimbia kando yao kuelekea kitongoji cha Mpemba, vumbi likiwa bado limelala kwa umande, na wapo walionihesabia mizunguko kutoka vitandani mwao. Chumba changu kwa Simbeye kilikuwa cha nyuma, cha matofali ya kuchoma, bila dari, kwa hiyo sauti ya sebuleni ilipita juu ya ukuta ikanifikia kama niko nao. Kulikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, msumari wa kutundikia nguo, na ukutani, kutoka sakafuni hadi kifuani mwangu, magunia ya sukari. Yalikuja Jumanne na Ijumaa, yakaondoka kidogo kidogo katikati ya wiki. Sisimizi walikuwa na barabara yao kutoka dirishani. Sikuuliza kitu. Chai ya nyumba ile ilikuwa tamu kuliko chai yoyote niliyowahi kunywa, na mke wa Simbeye, Mama Anyesi, aliimimina akisema, "Kunywa, mkimbiaji. Hapa hatupimi kijiko." Jioni tulikula ugali mweupe na kapenta, dagaa wa kutoka Zambia, au maharage yenye nyanya nyingi, sote kwenye mkeka mmoja, na karibu kila jioni alikuwepo Kibona.

Kibona alikuwa Mndali wa Ileje, mfupi, mwenye mapaja kama mihimili, na mdomo wake haukufungwa isipokuwa kwa tonge. Yeye na Simbeye na wanaume wengine sita walifanya kazi ya baiskeli. Walivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wakapakia sukari, wakarudi nayo kwa njia za panya katikati ya mashamba ya mahindi. Hakuna aliyeiita magendo. Waliiita kazi. Siku ya kwanza Kibona aliponiona nimesimama uani nimeinua mkono, nikingoja saa ipate setilaiti, aliegemeza baiskeli yake akanitazama kwa heshima. "Shemeji," akamwita Mama Anyesi, "njoo uone, mpangaji wako anapiga hodi mbinguni." Mama Anyesi akatoka na mwiko. "Wanafungua?" "Bado. Labda wamelala." Saa ikalia, nikaondoka mbio, na nyuma yangu nikamsikia Kibona akipiga kelele, "Wamefungua! Wamefungua!" Niliporudi alitaka kuona kila kitu. Nikampeleka siku hiyohiyo kwenye kafe ya intaneti, nikachomeka waya, nikamwonyesha ramani kwenye kompyuta: mstari mwekundu kutoka nyumbani kwa Simbeye hadi Mpemba na kurudi, kila kona ikiwa mahali pake, pamoja na saa niliyopita. Akauweka ukucha wake juu ya kioo akaufuata polepole. "Kwa hiyo hata ukisema uongo kwamba ulikwenda kanisani," akasema, "hii inakukatalia." Tulicheka sana.

Siku mbili kwa wiki, badala ya kukimbia, nilianza kwenda nao. Mkimbiaji anahitaji siku za baiskeli ili kupumzisha miguu kutokana na lami, nilijieleza hivyo, na Simbeye alikuwa na baiskeli ya ziada. Sikubeba mzigo, nilibeba saa. Njia yao ilipita bondeni, ikavuka kijito, kisha ikapanda mwinuko mkali wa udongo mwekundu ambao wao waliuita Kitonga, kwa kuutania ule mlima wa Iringa unaowatoa jasho madereva wa malori. Hakuna mtu, hata Kibona, aliyeweza kuupanda peke yake na magunia mawili kwenye keria. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu ambao sikuwahi kuona mtu akiuvunja: watu wawili kwa baiskeli moja, mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ameinama akisukuma keria kwa bega, mpaka juu, kisha wote wawili wanateremka kuchukua baiskeli ya pili. Hukuchagua wa kumsukuma. Aliyekuwa karibu yako ndiye wako. Hata waliogombana jana walisukumana leo, wakiwa wamenuna, bila kusema neno. Juu ya mwinuko kulikuwa na tanuri la matofali lililoachwa, na nyuma yake walipumzika kama dakika ishirini, wakinywa maji na kula mihogo iliyochemshwa, kisha wakaingia mjini mmoja mmoja. Nilisukuma pia. Nilikuwa na miguu mizuri na walinisifu, na sifa za watu wale zilinikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Simbeye, ambaye hakuwa msemaji, aliniita mdogo wangu kuanzia mwezi wangu wa pili pale.

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka zaidi kuliko zote. Mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, Anyesi akiandika kazi yake ya shule sakafuni. Kibona alitaka kujua mkanda wa kifuani ni wa nini, na nilipomweleza akatangaza mashindano: mwenye moyo mtulivu kuliko wote ndiye atakula nyama ya ziada. Wa kwanza mimi, hamsini na moja. Simbeye sitini na mbili. Kibona, ambaye tulidhani atashindwa kwa kelele zake, alifumba macho, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na namba ikashuka hadi arobaini na nane. "Arobaini na nane!" akaruka, na ikapanda mara moja. "Mtu huyu hana moyo," Simbeye akasema, "ana jiwe la kusagia." Mama Anyesi alikataa, tukambembeleza, akaingia chumbani akaufunga mwenyewe chini ya blauzi, akatoka akaketi na mikono magotini kama anayepigwa picha. Sabini na nne. Tukiwa bado tunamcheka, mtu akabisha mlangoni. Alikuwa jirani tu, amekuja kuazima kinu. Lakini mimi ndiye niliyeshika saa, na kabla sauti ya jirani haijasikika niliiona namba ya Mama Anyesi ikipanda, tisini, mia na kumi, mia na thelathini na moja, huku uso wake ukiwa uleule, mtulivu, unatabasamu. Hakuna mwingine aliyeona. Nikaificha saa kiganjani. Kwa hiyo nilijua. Watu huniambia kwamba kijana hajui uzito wa mambo. Mimi nilikuwa nimeusoma kwa namba.

Kwenye uwanja wa mpira nilikofanyia mbio za kasi, asubuhi, kulikuwa na mtu mwingine aliyekimbia. Alikuwa wa makamo, mwenye suti ya michezo ya bluu na filimbi shingoni ingawa hakuwa na timu, na wote walimwita Kocha. Kazi yake ilikuwa upande wa doria ya mpaka. Hilo sikuambiwa kwa siri. Kila mtu alilijua. Lakini uwanjani alikuwa mwanamichezo, tulipasha misuli pamoja, akanirekebisha mikono, na siku moja akataja kwamba mmoja wa viongozi wa timu ile ya taasisi alisoma naye. "Wewe unahitaji barua tu," akasema. "Wanakuja wengi pale, na mtu asiyetambulishwa hata hapimwi. Una kumbukumbu za mazoezi yako?" Nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo kuliko mkimbiaji yeyote wa mkoa ule, na hapakuwa na mtu mjini aliyeelewa thamani yake isipokuwa yeye. Nikampeleka kafe. Nikamfungulia mbio ndefu za Mpemba, mbio za kasi za uwanjani, kipimo cha moyo, kila wiki ikipanda juu ya nyingine, naye akawa anatikisa kichwa na kusema, "Safi. Safi sana." Kisha akaona mstari mmoja unaokwenda upande mwingine.

"Hii ya huku je?" akauliza. "Hii inavuka." Nikasema hiyo ni ya baiskeli. Akaivuta karibu. Mstari ulitoka Nakonde, ukapita bondeni, ukapanda, na nyuma ya tanuri ulikuwa umejikunja kama uzi uliofungwa fundo, kwa sababu pale tulisimama na saa iliendelea kuandika tukizungukazunguka. "Hapa mnakaa?" "Dakika ishirini hivi." "Siku gani?" Aliuliza taratibu, macho yakiwa kwenye kompyuta. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisita. Nilisema, "Jumanne na Ijumaa." Hata nikaongeza, ili aone ugumu wa mazoezi yangu, kwamba mwinuko ule tunaupanda tukisukuma kilo mia. Akaweka kidole juu ya lile fundo. "Nichapie hii ramani," akasema. "Niiambatishe na barua." Hakuomba nichape nyingine yoyote, zile za Mpemba, zile za uwanjani. Nikamwambia dada wa kafe achape, karatasi ikatoka ingali na joto, Kocha akaikunja mara mbili akaiweka mfukoni. Tulipoagana akanishika bega. "Ijumaa ya wiki ijayo upumzike kabisa," akasema. "Miguu yako inahitaji." Na mimi, niliyekuwa sipumziki hata nikiwa na homa, nilipumzika.

Wiki hiyohiyo aliyoitaja Kocha, Kibona alipata msiba. Mjomba wake aliyemlea alifariki huko Ileje, na Alhamisi asubuhi alikuja uani kuaga. Angepita Mpemba kwa baiskeli mpaka Isongole, milima mitupu, na akaomba, kwa aibu ambayo haikuwa kawaida yake, kama anaweza kwenda na saa. "Mjomba alikuwa ananiambia kwetu ni mbali mpaka nimesahau njia. Nataka nikirudi nikuonyeshe kwetu kwenye ile ramani." Nikamfundisha: bonyeza hapa ukianza, hapa ukifika, mkono usiufunike kwa koti, inataka kuona anga. Akarudia kila neno kama anayekariri. Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa kitandani kulipopambazuka nikiwasikia Simbeye na wenzake wakitoa baiskeli, mnyororo mmoja ukilia. Mama Anyesi aliwaambia waende salama. Ningeweza kuinuka. Chumba kile kilikuwa na mlango wake wa nje na ningewafikia kabla hawajafika kijitoni, kwa mbio zangu. Saa tatu asubuhi mtoto wa jirani alikuja kusema kwamba wamekamatwa nyuma ya tanuri, wakiwa wameketi, mihogo mikononi. Doria ilikuwa ikiwangoja ndani ya tanuri lenyewe.

Simbeye na wenzake walikaa ndani siku tisa. Baiskeli zote saba zilichukuliwa na hazikurudi. Nyumbani chai ilianza kunywewa bila sukari, na Mama Anyesi alinipunguzia maneno lakini hakunipunguzia chakula. Kila jioni aliniwekea sahani yangu, akaifunika. Kibona alinirudishia saa, na ramani ya kwao tukaiacha ingoje mpaka wenzetu watoke. Aliporudi, Simbeye alikuwa amekonda na hakutaka kuketi kochini, aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Jumapili wenzake walikuja. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, ambako sasa ukuta ulikuwa wazi na sisimizi wamehama, na juu ya ukuta niliwasikia wakiulizana swali moja kwa namna nyingi. Nani alijua tanuri. Nani alijua Ijumaa. Nani hakuwepo. "Zuberi hakuwepo," mtu akasema, akinitaja mimi. "Zuberi ni mgeni, anajua nini?" Simbeye akajibu. "Kijana wa kukimbia tu." Kisha jina la Kibona. Kwamba aligombana na Simbeye mwezi uliopita juu ya zamu. Kwamba ameonekana karibu na ofisi za mpakani Ijumaa ileile. Kwamba amerudi na viatu vya ngozi, na viatu vile havinunuliki kwa kazi ya baiskeli.

Kibona alikuwemo humo humo sebuleni. "Viatu vya marehemu," akasema. "Shangazi alinipa. Vinanibana, angalieni." Hakuna aliyecheka. "Nilikuwa Ileje. Nilikuwa nazika." Mtu akasema kila mtu anaweza kusema alikuwa anazika. Na hapo nikasikia sauti yake ikifurahi, sauti ya mtu aliyekumbuka kwamba ana ufunguo mfukoni. "Nyie! Nilikuwa na saa ya Zuberi. Ile inaandika kila unapopita, na siku, na dakika. Niliiona mwenyewe. Zuberi! Zuberi, mdogo wangu, leta saa."

Ilikuwa kwenye chaji, juu ya kitanda. Nikaichukua. Zilikuwemo mbili: ya kwenda Alhamisi, ya kurudi Jumamosi, na tarehe zake. Ningetoka nazo sebuleni na jambo la Kibona lingeisha pale pale. Lakini wangeuliza, na Simbeye hakuwa mjinga, kama saa inaandika njia ya Ileje, je, njia yetu? Na inakaa wapi? Na nani ameiona? Dada wa kafe alikuwa anamjua kila mmoja wao. Nilisimama nikiwa nimeupa mgongo ukuta uliokuwa na sukari, nikabonyeza pa kufuta, na saa ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Nikafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Nikafungua pazia nikawaambia hakuna kitu, chaji ilikuwa imeisha njiani, na zaidi ya hayo saa ile huandika barabara kubwa tu, vinjia vya mashambani haivioni.

Simbeye alitazama sakafu. Kibona alinitazama mimi, na nilijiandaa kwa hasira, lakini usoni mwake hapakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa tu, kama mtu aliyekosea hesabu. "Lakini ilikuwa inalia," akasema. "Kila kilomita ilikuwa inalia, mpaka Isongole." Nikamwambia, "Inaweza kulia bila kuandika, kaka." Akatikisa kichwa polepole, akiniamini. Aliniamini mimi kuliko masikio yake.

Hawakumpiga, wala hawakumtukana. Hawakumkataza hata kuendelea na kazi. Walipopata baiskeli nyingine na njia nyingine, wiki kadhaa baadaye, njia ile nayo ilirudi kwenye mwinuko uleule wa Kitonga, hapakuwa na pa kuukwepa, na Kibona akaja na baiskeli yake na magunia yake mawili. Walipanda wawili wawili. Walipoteremka kuchukua baiskeli nyingine walipita kando yake kama wanavyopita kando ya jiwe. Siku ya kwanza alingoja mpaka wote wakafika juu. Kisha akafungua kamba, akabeba gunia moja begani mpaka juu, akarudi kwa la pili, akarudi kwa baiskeli. Nilikuwepo. Nilikuwa nimerudi kwenye mazoezi yangu, na siku ile nilikuwa mtu wa karibu yake kuliko wote, hatua nne au tano, keria yake ikinitazama. Nilijifanya ninaangalia mkononi. Moyo ulikuwa mia na sitini na nilikuwa nimesimama. Simbeye akaniita kutoka juu, "Zuberi, njoo!" nami nikaenda. Kibona alirudia hivyo wiki tatu. Ya nne hakuja, na tukasikia anabeba abiria kwa baiskeli kati ya stendi na hospitali.

Barua ya Kocha ilipatikana mwezi Mei, imepigwa chapa, ikiwa na mhuri. Nilimwambia Simbeye kwamba nimepata nafasi ya majaribio, naye, ambaye alikuwa na sababu zote za kutofurahia kitu chochote mwaka ule, alifurahi. Siku ya kuondoka Mama Anyesi alinifungashia chapati na mayai, akanishika mikono yote miwili. "Umekaa nasi vizuri," akasema. "Tulipata shida ukiwa humu nyumbani, hukuhama." Simbeye alikuwa ametafuta mtu wa kunibebea begi mpaka stendi, lakini mtu huyo alichelewa, na aliyepita barabarani akasimama alikuwa Kibona. Simbeye alimwona. Aliniaga harakaharaka akaingia ndani na kufunga mlango, na Kibona akajifanya anajaribu breki. "Panda, mkimbiaji," akasema. "Leo usikimbie."

Nilikaa nyuma yake, begi mapajani, pua yangu karibu na shati lake. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilipanga nimwambie kwenye kona ya soko, kisha kwenye foleni ya malori, kisha stendi, kabla ya kupanda basi la Mbeya. Yeye aliongea njia nzima, habari za abiria, habari za mama mmoja aliyepanda na kuku wawili na kudai kuku walipe nusu. Stendi hakutaka nauli. Akanishushia begi, akafuta keria kwa mkono, akauliza kama jambo dogo lililokuwa likimkera tu:

"Zuberi, siku ile chaji iliishia wapi?"

Kondakta alikuwa anaita Mbeya, Mbeya. Nikasema, "Mpemba."

"Mpemba tu?" Akaangua kicheko, kile cha zamani. "Basi ona ujinga wangu. Mimi toka Mpemba mpaka Isongole nimeshika usukani kwa mkono mmoja, milima yote ile, huu mwingine nimeuinua hivi, nisije nikaifunika. Watu njiani wananipungia, wanadhani nawasalimia. Na mimi nawaambia, siwasalimii, nawaonyesha wa mbinguni kwetu."

Alikuwa ameuinua mkono wa kushoto kunionyesha, katikati ya stendi, kiganja kimetazama chini na kifundo kimetazama juu. Nikampa mkono wangu, akaushika. Kisha nikapanda basi. Lilikuwa nusu tupu na viti vya upande aliosimama vilikuwa wazi, nikapita hadi upande wa pili nikaketi huko, na sikugeuza shingo mpaka tulipoyamaliza malori yote.